Apendaye Mapya: Neema na Mtihani Ndani ya Nyumba Zetu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (Subhaanahu Wata'ala), Mola Mlezi wa viumbe wote, aliyewaumba wanadamu kwa hulka mbalimbali na akaweka hekima katika kutofautiana kwao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia hulka moja ambayo haikosekani katika ukoo wowote. Ni hulka ya mtu mchangamfu, mwepesi wa kuanza, mwenye kupenda kila lililo jipya. Huyu ni yule mtoto, kaka, shangazi au mume ambaye jina lake likitajwa watu hutabasamu kwanza, kisha huguna. Akisikia kuna mbegu mpya ya mpunga, ndiye wa kwanza kuitafuta. Akisikia darsa jipya limeanzishwa msikitini, hukaa safu ya mbele kwa wiki mbili, na wiki ya tatu haonekani. Nyumbani kwake utakuta cherehani iliyonunuliwa kwa ajili ya kushona sare za shule, banda la kuku lisilo kuku, na daftari la Kiarabu lililoandikwa kurasa sita za mwanzo kwa hati nzuri sana.

Vijana wa siku hizi wana jina la hali hiyo, huiita nguvu ya soda. Wahenga nao walikwisha kuiona kabla ya soda kuingia katika nchi hizi, wakasema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Hata hivyo, tunaona kwamba jamii zetu humkosea mtu wa namna hii mara mbili. Humshangilia anapoanza bila kumuuliza atamalizaje, na humlaani anapoacha bila kukumbuka faida aliyokwisha kuwaletea. Hulka hii ni amana kama amana nyingine. Ina kheri kubwa ndani yake na ina hatari zake, na familia ya Kiislamu inapaswa kuyajua yote mawili, kwa kuwa gharama ya kutoyajua hulipwa na mke, watoto na wazee waliobaki nyumbani.

Bonde lililojengwa na wathubutu

Tuanzie Kivukoni, pembezoni mwa mji wa Ifakara, pale barabara inapoukuta mto Kilombero. Jina lenyewe linaeleza historia ya mahali hapo. Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alifika Kivukoni akasubiri pantoni, au akajitosa kwenye mtumbwi. Bonde hili ni tambarare kubwa ya mafuriko, ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zinazohifadhiwa kwa mkataba wa Ramsar. Mvua za masika zikishika, maji hutanda, na zama zile kivuko kiligeuka mlango pekee wa kutokea na kuingilia.

Bonde la namna hii halikaliwi na waoga. Wapogoro, Wandamba na Wabena waliolijua tangu zamani walijifunza kuishi na maji yanayokuja na kuondoka. Baadaye wakaja wengine kutoka kila upande wa nchi, baadhi yao wakifuata reli ya TAZARA iliyojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, baadhi wakifuata miwa, samaki na mpunga, wengine wakiswaga mifugo kutoka mbali. Ukimuuliza mzee wa Ifakara ukoo wake ulifikaje hapo, mara nyingi utamkuta babu mmoja aliyekuwa mtu wa kupenda mapya, aliyesikia habari za ardhi yenye rutuba akafunga mzigo wake wakati nduguze wakimwambia amerukwa na akili. Wajukuu wanaokula wali leo wanakula matunda ya hulka ile ile wanayoilaumu kwa mjomba wao.

Upo mfano mwingine ulio wazi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulianzishwa mradi mkubwa wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, ukisimamiwa na watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa wakati ule chandarua chenye dawa kilikuwa kitu kigeni kwa wengi. Palikuwa na wenye mashaka na dawa, na palikuwa na walioona fedha hiyo ni bora inunue mafuta ya taa. Waliotangulia kununua ni wale ambao moyo wao hauogopi kigeni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet la Uingereza, na yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Ni watoto wangapi wa bonde lile ambao leo ni wazazi, kwa sababu mama au baba mmoja alikubali kujaribu kitu ambacho majirani walikuwa bado wanakitazama kwa mbali?

Kwa hiyo tusiidharau hulka hii. Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-Ankabut aya ya 20, inawahimiza watu watembee katika ardhi na watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Mwenye moyo wa kutazama na kushangaa amepewa ufunguo mmoja wa elimu. Huyu ndiye anayeuliza maswali darasani, ndiye anayemkaribisha mgeni kabla ya wengine kujua jina lake, ndiye anayeinua nyoyo za watu mavuno yanapoharibika. Nyumba isiyo naye huwa na usalama mwingi na kicheko kidogo.

Palizi ndipo penye mtihani

Sasa tuutazame upande wa pili, na tubaki humo humo bondeni. Vile vyandarua vya miaka ya 1990 vilikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na msisimko wowote. Dawa yake ilipungua nguvu, ikabidi chandarua kirudishwe kwenye dawa mara kwa mara ndipo kiendelee kuua mbu. Kununua kulikuwa tukio, watu wakionyeshana, watoto wakishangilia. Kuloweka upya kulikuwa kazi ya kuchosha isiyotazamwa na mtu. Wengi walionunua hawakuloweka tena kama ilivyotakiwa, na ugumu huo ni miongoni mwa sababu zilizowafanya wataalamu wahamie kwenye vyandarua ambavyo dawa yake hudumu kwa miaka kadhaa.

Chukua pia kilimo shadidi cha mpunga. Njia hii ilibuniwa nchini Madagaska katika miaka ya 1980 na padri mmoja Mfaransa, Henri de Laulanié, ikaenea katika nchi nyingi mpaka ikawafikia wakulima wa bonde la Kilombero. Miche huhamishwa ikiwa michanga sana, mmoja mmoja, kwa mistari na nafasi pana, na maji huingizwa na kutolewa badala ya kuachwa yatuame muda wote. Mkulima mwenye moyo wa mapya huisikia leo, kesho yuko shambani na kamba ya kupimia mistari. Tatizo huja baadaye kidogo. Maji yasipotuama, magugu huota kwa wingi, na palizi hurudiwa tena na tena. Hapo hakuna mgeni wa kuja kupiga picha, jua ni lile lile, jembe ni lile lile. Baadaye mpunga ukichanua, kuna wiki za kukaa kwenye dungu kuwinga ndege tangu alfajiri. Aliyeanza kwa shangwe huonekana sasa yuko Kivukoni, anauliza habari za ufuta ng'ambo ya mto.

Ndugu msomaji, thamani ya mtu mwenye hulka hii hujulikana wakati wa palizi. Siku ya kupanda, watu wote ni wakulima.

Hasara ya kukimbia palizi haimpati yeye peke yake. Tumekwisha kuona nchini mwetu na kwa jirani zetu namna mapya yanavyoweza kuzoa akiba za familia. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilipositisha shughuli za DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu wapande fedha kama mbegu wavune mara dufu, watu wengi walikuwa wamekwisha kuweka humo ada za watoto na mitaji ya biashara. Kati ya miaka ya 2013 na 2014, Kenya ilikumbwa na wimbi la ufugaji wa kware. Mayai madogo yakauzwa kwa bei ya kushangaza kwa madai ya tiba, watu wakakimbilia kujenga mabanda, na baada ya muda mfupi kila aliyetaka kununua alikuwa amekwisha kuwa muuzaji, bei ikaporomoka. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, wakulima wa Tanzania walioikimbilia mbaazi kwa sababu ya bei ya misimu iliyotangulia walibaki na magunia. Hatusemi kwamba mambo haya yana hukumu moja. Mbaazi ni mazao ya halali na kware ni ndege wa halali. Tunasema kwamba katika kila wimbi, waliotosa kila walichonacho kwa sababu tu jambo lilikuwa jipya na lilizungumzwa kila mahali, ndio walioumia zaidi.

Qur'ani inatukumbusha katika Surat Al-Anbiyaa aya ya 37 kwamba haraka imo katika maumbile ya mwanadamu. Na katika Surat An-Nahl aya ya 92, ikizungumzia kutimiza ahadi, imetupigia mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mfano huo unamgusa kila mwenye kuzitengua kazi za mikono yake mwenyewe.

Lipo jambo jingine lililojificha, nalo twaona ni zito kuliko hasara ya fedha. Mara nyingi mwenye kukimbilia mapya huwa anakimbia kitu. Mtazame msibani. Ndiye wa kwanza kufika, ndiye anayebeba viti, anayetafuta sufuria, anayewachekesha vijana wanaochimba kaburi. Watu humshukuru, na wana haki ya kumshukuru. Lakini kukaa kimya pembeni ya aliyefiwa, bila la kufanya wala la kusema, hakuwezi. Huzuni humtisha, upweke humtisha, na kila palipo na maumivu yeye hutafuta mlango. Mke wake akiwa mgonjwa kwa siku tatu, atamuuguza vizuri sana. Akiugua kwa miezi mitatu, ataanza kusafiri. Tukimwita mtu huyu mzembe tumekosea ugonjwa wake, na dawa tutakayompa haitamfaa. Anahitaji kufundishwa kwamba huzuni haiui, na kwamba subira iliyosifiwa katika dini yetu ni pamoja na kubaki mahali ambapo nafsi inataka kupakimbia.

Na hulka hiyo ikiingia katika ndoa, madhara yake hayasemeki. Wapo wanaoipenda harusi kuliko ndoa. Miezi ya mwanzo mke ni malkia, na mazoea yakishaingia mume huanza kuona kasoro ambazo hazikuwapo. Tumeamrishwa katika Surat An-Nisaa aya ya 19 tukae na wake zetu kwa wema, na tukaelezwa kwamba huenda mtu akakichukia kitu ambacho Allah ameweka kheri nyingi ndani yake. Wahenga wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wapo pia akina mama wa hulka hii, ambao kila mwezi huwa na kikundi kipya cha upatu na kila wiki kitambaa kipya cha sare, na deni la zamani likawa linasubiri mlangoni.

Msafiri aliyefika Kilwa

Historia yetu ina mtu mmoja ambaye ndani yake twaona pande zote mbili za hulka hii. Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliaga wazazi wake kwenda kuhiji. Hija ilimalizika, lakini safari haikumalizika. Alikuwa hatulii, kila mji ulimwonyesha njia ya kwenda mji mwingine, na akapita katika nchi ambazo watu wa kwao walizisikia tu. Kwenye mwaka 1331 alifika pwani yetu. Alipita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa katika zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu wake. Aliusifu mji wa Kilwa kwa uzuri wa ujenzi wake na akawasifu watu wa pwani kwa uchamungu wao. Maelezo yake ni hazina kubwa kwetu, kwani ni nadra kupata shahidi wa macho aliyeandika habari za Kilwa ya karne ile. Asingekuwa na moyo wa kupenda mapya, tungekuwa masikini zaidi wa kujijua. Hiyo ndiyo neema.

Mtihani nao umo katika kitabu hicho hicho, kwa ulimi wake mwenyewe. Mwaka 1326 alipokuwa Damascus alioa, kisha akaondoka akimwacha mkewe na mimba. Alipokuwa India alipata habari kwamba amezaliwa mtoto wa kiume, akatuma dinari 40 za dhahabu. Miaka ikapita. Aliporejea Damascus mwaka 1348 aliulizia habari za mwanawe, akaambiwa kwamba mtoto huyo alikwisha kufariki miaka 12 iliyotangulia. Katika mji huo huo akapewa habari nyingine, kwamba baba yake kule Tangier alifariki miaka 15 nyuma, na kwamba mama yake bado yu hai. Akaendelea na safari zake, akahiji tena, ndipo akaelekea nyumbani. Mwaka 1349, akiwa njiani ndani ya Morocco, akapata habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni. Alichoweza kufanya alipofika Tangier ni kulizuru kaburi lake.

Hatumhukumu mja wa Allah aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Alikuwa mwanachuoni, alikuwa kadhi katika nchi za mbali, na kitabu chake kilichokamilishwa Fez mwaka 1355 kimewanufaisha walimwengu. Lakini baba wa leo ayasome maisha hayo akiwa na mtoto wake pembeni, ajiulize: dinari 40 zinatosha kuwa baba? Wapo akina baba wangapi ambao hawakuvuka bahari, wamevuka tu mto Kilombero kufuata shamba jipya na biashara mpya, na watoto wao waliobaki upande wa pili wanawajua kwa sauti ya simu na ujumbe wa fedha?

Sahaba aliyetaka zaidi

Asije mtu akadhani kwamba hulka hii huharibu mambo ya dunia tu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya Sahaba kijana, Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.), aliyekuwa na shauku kubwa ya ibada. Alikuwa akifunga kila siku na kusoma Qur'ani usiku kucha. Baba yake alikuwa amemwoza mke wa kabila la Quraysh, naye alikuwa akimuulizia mkwewe hali ya mumewe. Mama yule alijibu kwa adabu kwamba mumewe ni mtu mwema, isipokuwa hajapata kumkaribia. Jambo likafikishwa kwa Mtume (S.A.W.).

Tuangalie malezi ya Mtume kwa kijana mwenye moto kama ule. Hakumvunja moyo wala hakumkebehi. Alimkumbusha kwamba mwili wake, macho yake, mke wake na wageni wake wana haki juu yake. Akampa kiwango kidogo, cha kufunga siku tatu kila mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi, akaongezewa, akasema anaweza zaidi, mpaka wakafikia saumu ya Nabii Daud, ya kufunga siku moja na kula siku moja, naye akawekewa ukomo hapo. Miaka ikapita, nguvu zikapungua. Uzeeni Abdullah alitamani laiti angeikubali ile nafuu aliyopewa mwanzo. Na hapa ndipo palipo na ukubwa wa Sahaba huyu. Hakuiacha ibada ile. Alipozidiwa alikula siku kadhaa mfululizo, akazihesabu, kisha akazifunga, kwa sababu hakupenda kuliacha jambo ambalo Mtume alifariki akimwacha nalo.

Ndani ya kisa hiki mna elimu yote tunayoihitaji. Shauku ya kijana ndiyo inayotia saini, na mwili wa mzee ndio unaolipa. Kwa hiyo kiwango kiwekwe na mwenye busara wakati shauku ingali juu, na kikishakubaliwa kitimizwe hata shauku ikishuka. Ndiyo maana Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile yenye kudumu, japo iwe ndogo.

Tufanye nini majumbani

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wameichunguza hulka hii. Mwaka 1964 Marvin Zuckerman wa Marekani na wenzake walichapisha maswali ya kuipima hamu ya watu ya kutafuta misisimko mipya, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hamu hiyo huwa kali zaidi mwishoni mwa ujana na hupungua umri unaposonga. Habari hii iwape wazazi faraja. Kijana wa miaka 18 aliyebadilisha ufundi mara tatu hajaandikiwa kubadilisha mpaka kufa. Bado analeleka.

Kwanza, tusimpachike jina. Mtoto anayeitwa kigeugeu kila siku atakuwa kigeugeu ili aendane na jina. Tumsifu alipomaliza, hata kama alichomaliza ni kidogo. Aliyehifadhi sura moja ya Juzuu Amma mpaka mwisho apewe heshima kuliko alipoanza sura tatu. Tumpe kazi ndogo ambayo ni yake peke yake na ya kila siku, kama kuwapa kuku maji au kujaza birika la udhu, ili mwili wake uzoee kurudi mahali pale pale.

Pili, katika mali, familia iweke mpaka. Jambo jipya lijaribiwe kwa kipande, kamwe lisijaribiwe kwa shamba zima. Mwenye ekari nne akitaka kilimo kipya, aanze na robo ekari, na zile nyingine zilimwe kwa njia inayojulikana kulisha nyumba. Akiba ya ada ya shule na chakula cha mwaka isiguswe na jaribio lolote. Kwa mpaka huo, mwenye shauku anapata uwanja wake, na watoto wanapata uhakika wa uji wa asubuhi.

Tatu, turudishe kungoja. Zamani mtu aliyewaka moto wa kwenda ng'ambo alifika Kivukoni akakuta pantoni liko upande wa pili. Akakaa. Katika kukaa huko akakutana na anayetoka huko aendako, akamuuliza bei, akamuuliza mafuriko, na pengine akarudi nyumbani. Hatusemi kwamba kivuko kilikuwa raha. Tunakumbuka Januari 2016, pantoni lilipozama kwa dhoruba katika mto ule na watu wakapoteza maisha, Allah awarehemu wote. Daraja la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018 ni neema ya kushukuriwa na kila mwenye mgonjwa, mzigo au mwanafunzi. Lakini daraja limeondoa kungoja, na simu imekuondoa zaidi. Leo mtu akiwa kitandani anaweza kutuma akiba yote ya nyumba kwa asiyemjua, au kuchukua mkopo wa kausha damu, kabla ya mkewe kugeuka upande wa pili. Kwa kuwa dunia haitungojeshi tena, tujingojeshe wenyewe. Nyumba ikubaliane kwamba hakuna jambo jipya lenye gharama kubwa litakaloamuliwa kabla ya Ijumaa mbili kupita. Katika siku hizo mtu asali istikhara, afanye shura na mwenzake wa ndoa, na amuulize mmoja aliyefaulu katika jambo hilo na mmoja aliyeshindwa. Likiwa na kheri, litakuwa bado lipo. Mtume (S.A.W.) alimsifu mgeni wake mmoja wa kabila la Abdul-Qays kwa sifa mbili anazozipenda Allah, upole na kutokuwa na pupa.

Nne, wanandoa wenye hulka tofauti waache kushindana. Mara nyingi Allah humkutanisha mwepesi wa kuanza na mzito wa kuanza ambaye akishika hachoki. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa adhabu. Lau wangegawana kazi, mmoja akawa jicho la kuona fursa na mwingine akawa mkono wa kushikilia, nyumba ingesimama. Mwenye tahadhari naye ajichunge, kwani wapo walioikataa kila kheri mpya kwa kisingizio cha busara, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tano, maneno haya ni kwako mwenyewe uliye na hulka hii. Usiseme kwamba ndivyo ulivyoumbwa, kisha ukatulia. Chagua mambo machache ambayo hutayaacha hata yakikosa ladha, nayo ni Swala zako, mke au mume wako, watoto wako, wazazi wako, na kazi moja inayokulisha. Ukishayafunga hayo kwa fundo, furahi na mapya yote yaliyobaki, jifunze, safiri, jaribu, uwafurahishe watu. Na siku moja moja jizoeze kukaa penye huzuni bila kutafuta mlango. Mtembelee mgonjwa ambaye amekwisha kusahaulika. Mpigie simu mzazi ambaye huna habari mpya ya kumpa.

Ndugu Waislamu, mashamba ya bonde la Kilombero hupandwa na wengi na huvunwa na waliopalilia. Tumwombe Allah awabariki wenye nyoyo za kuthubutu miongoni mwetu, awape subira ya kukamilisha walichokianza, na awajaalie wenzao wa nyumbani hekima ya kuwaongoza bila kuwavunja. Wabillahi tawfiiq.